Kutoka Daraja la Igawa Hadi Marikebu Iliyozama

Asimamaye juu ya daraja la Igawa, katika barabara kuu iendayo Mbeya, huyaona maji ya mto Mbarali yakipita chini yake kuelekea mashamba ya mpunga ya Usangu. Maji hayo huingia katika Ruaha Mkuu, na Ruaha hujiunga na Rufiji, na Rufiji humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Basi mtu wa Igawa, ijapokuwa yu mbali na pwani karibu kilomita 700, si mgeni kabisa wa bahari. Mto wake humtangulia kufika huko.

Jambo hili nalikumbuka siku alipokuja mpwa wangu na karatasi mkononi, ameandika mpango wa safari. Yeye na rafiki zake wawili walitaka kwenda Unguja kuzamia kwa mitungi ya hewa, wakatazame marikebu iliyozama. Mpango wao ulikuwa wa siku moja tu: asubuhi kuzamia mara mbili hata saa sita mchana, alasiri kuvuka kwa meli hadi Dar es Salaam, na usiku kupanda basi kurudi nyumbani. Akaniomba rukhsa na dua.

Sikumkatalia. Kutembea katika ardhi na kutazama yaliyowapata waliotutangulia ni jambo lenye mazingatio, na bahari ya Unguja ina mengi ya kuzingatiwa. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilizivunja marikebu za Sayyid Barghash. Baadaye akaundishiwa huko Uingereza marikebu iliyoitwa Glasgow, ikateremshwa majini mwaka 1878. Nayo ikazamishwa bandarini tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyozidi dakika 45. Utukufu wa wafalme ulikwenda chini ya maji kabla ya jua la adhuhuri.

Kisha kuna khabari inayourudia mto wetu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Ikaipiga kwa mizinga kutoka mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikuweza kufika, na Pegasus ikazama siku ile ile. Mabaharia wake wengi walizikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani. Lakini aliyezamisha naye hakusalimika: Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa humo humo. Maji yanayopita chini ya daraja la Igawa ndiyo yanayokwenda kulipita kaburi lake.

Mpwa wangu na wenziwe hawakuchagua marikebu hizo. Walichagua Great Northern, marikebu ya kutandaza nyaya za simu baharini, iliyopanda mwamba karibu na mji wa Unguja mwaka 1902. Uchaguzi huo ni mwema, kwa kuwa imelala katika kina cha mita 12 hivi, na hicho ndicho kina ambacho mwanafunzi wa mara ya kwanza huruhusiwa kufika akiwa pamoja na mwalimu. Hata hivyo, niliposoma karatasi yake, niliona kosa. Kosa halikuwamo baharini, bali lilikuwamo katika basi.

Ndugu msomaji, yafaa tulieleze jambo hili kwa utaratibu. Kila mtu ashukapo mita 10 chini ya maji, uzito unaomkandamiza huongezeka kwa kadiri ya uzito wote wa hewa iliyo juu ya bahari. Katika kukandamizwa huko, hewa ya naitrojeni anayoivuta huingia katika damu na nyama kuliko desturi. Akipanda polepole, hutoka kwa salama. Akipanda kwa haraka, hutoka kama povu la chupa ya soda iliyofunguliwa ghafula, na mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, kupooza, na hata kifo. Ndiyo maana wazamiaji hufundishwa kupanda taratibu, na kusimama dakika 3 katika kina cha mita 5 kabla ya kutoka. Hufundishwa pia wasiizuie pumzi kamwe wakati wa kupanda, kwani hewa iliyomo kifuani hutanuka na kuweza kupasua mapafu.

Lakini wengi hudhani hatari imekwisha mtu akishavaa kanzu yake ufukoni. Sivyo. Naitrojeni iliyobaki huendelea kutoka kwa saa nyingi. Aliyezamia mara moja huambiwa angoje saa 12 kabla ya kupanda ndege, na aliyezamia zaidi ya mara moja angoje saa 18. Hewa iliyomo ndani ya ndege ya abiria ni nyepesi kama hewa ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Na sisi watu wa Nyanda za Juu nyumba zetu ziko wapi? Basi lao lingepanda Kitonga usiku wa manane, likapita Iringa penye zaidi ya mita 1,500, kisha Mafinga penye karibu mita 1,900, kabla ya saa 18 kutimia. Mtu wa pwani akizamia hurudi kulala kwake salama. Mtu wa Igawa hana budi kuuvuka mlima kwanza.

Nikamwonyesha mpwa wangu hesabu hiyo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa tiketi zimekwisha lipiwa, na kwamba wao wanamtegemea Mwenyezi Mungu. Nikamwambia: tawakali ni ya aliyekwisha mfunga ngamia wake. Dini yetu haimruhusu mtu kujiangamiza kwa mikono yake, na tiketi ya basi haifai kuwa bei ya uti wa mgongo.

Tukakaa, tukaandika upya. Siku ya kwanza, safari mpaka Dar es Salaam. Siku ya pili, kuvuka, kupumzika, na kuonwa na daktari, khasa mwenye pumu au maradhi ya masikio. Na mwenye mafua asizamie. Siku ya tatu, kuzamia pamoja na mwalimu mwenye cheti, mavazi yakisitiri kama sheria ipasavyo, adhuhuri na alasiri zikisaliwa kwa rukhsa ya msafiri. Wasichukue kitu chochote katika marikebu. Siku ya nne, wakae Unguja, wazuru misikiti na jamaa. Siku ya tano, warudi.

Safari ya siku moja ikawa ya siku tano. Tiketi za zamani zilipotea bure, na vijana walinung'unika kidogo. Lakini walikwenda, wakaona, na wakarudi wazima; na jioni waliporudi tulisali magharibi pamoja, huku Mbarali ukipita taratibu kwenda baharini.

Wabillahi tawfiq.