Barafu kwanza: kutoka Dabaso hadi Kau

Njia ya kwenda Kau naianzia kusini, Dabaso, kwenye mikoko ya Mida karibu na Watamu. Hapo kikundi cha wenyeji, Dabaso Creek Conservation Group, kinatunza mikoko, kinanenepesha kaa na kuendesha hoteli iitwayo Crab Shack, ambayo mteja huifikia kwa njia ya mbao iliyokatiza katikati ya miti. Wageni huja jioni, wakakaa juu ya maji na kula sambusa za kaa jua likitua. Nimeanzia hapo kwa sababu yeyote anayetaka kufungua hoteli ya samaki katika delta ya Tana, awe Garsen, Kipini au Kau yenyewe, hawezi kulikwepa swali hili: wenzako wa Dabaso wameweza, wewe kinakushinda nini? Jibu jepesi ni kwamba watu wa delta hawajui biashara, au mpishi wao hajui kupika. Nasafiri kwenda kaskazini nikilikataa jibu hilo. Ninavyoona mimi, hoteli ya samaki ya mji mdogo hutiwa hatiani mapema kwa kosa lisilo lake. Mteja wa mwanzo anaposema samaki alikuwa na harufu, au kaa hakuwa na nyama, au chakula kilichelewa, mara nyingi anayestahili lawama hizo ni barafu ambayo haikufika, barabara iliyokatika, na deni lililomfunga mvuvi kabla hajatia mtego majini.

Ukishavuka Malindi na daraja la Sabaki, bahari inajificha. Unapita Gongoni na mashamba yake ya chumvi, kisha nchi inakuwa tambarare na kavu, na barabara inanyooka kuelekea Minjila na Garsen, safari ya zaidi ya kilomita 100. Kwa abiria ni saa mbili tu za kusinzia. Kwa samaki ni jambo jingine. Kanuni ya wafanyabiashara wa samaki katika nchi za joto ni karibu kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, na asiye na barafu hiyo ana saa chache tu mbele yake. Samaki aliyevuliwa alfajiri na kushinda kwenye joto bila barafu, jioni macho yake yameshazama, matamvua yamegeuka kutoka wekundu hadi kahawia, na ukimbonyeza nyama haipandi tena. Ndiyo maana mama karanga wa pwani yetu hukaanga samaki wote kwenye mafuta mara tu wanapowanunua, maana kukaanga kunawaongezea siku. Samaki wa kupaka hana msamaha huo. Anachomwa kwanza kwenye makaa, kisha anapakwa tui zito lenye manjano na ukwaju na kurudishwa motoni, na kama alilala bila barafu anamomonyoka kwenye wavu mbele ya macho ya mpishi. Hoteli inayoanza kwa kutangaza samaki wa kupaka kila siku, mahali ambapo barafu inatoka mbali, imeahidi kitu kisicho mikononi mwake. Dabaso haina shida hii kwa kiwango hicho, kwa kuwa wenye hoteli ndio wenye kaa, na kaa wao wako hai hatua chache kutoka jikoni.

Garsen ni mji wa watu wapitao na watu waliopangiwa kazi: walimu, maofisa wa kaunti ndogo, madereva wa malori, wachuuzi wa mifugo, vijana wa bodaboda. Hukumu ya chakula hapa hutolewa kwa mdomo, na husafiri haraka. Dereva akisema kwenye stendi kwamba mahali fulani samaki si mzuri, kufikia jioni neno hilo limeshafika Minjila. Katika miji mikubwa ya dunia wameshajifunza kujihadhari na hukumu ya namna hii. Craig Claiborne, aliyekuwa mhariri wa chakula wa New York Times kuanzia 1957, ndiye anayetajwa kwa kuweka desturi ya mhakiki kurudi hotelini zaidi ya mara moja kabla ya kuandika, na wahakiki wengi waliomfuata huipa hoteli mpya wiki kadhaa kabla ya kuigusa. Sababu yao ni ya haki: jiko jipya bado linajifunza. Nami naongeza kwamba kwenye delta jiko hujifunza upesi kuliko mkondo wa bidhaa unaolilisha. Mpishi wa Kipokomo au wa Kibajuni aliyekulia kwenye samaki hahitaji mwezi kujua chumvi. Anayehitaji muda ni mwenye hoteli: ampate mvuvi wa kumtegemea, ajue barafu inakuja siku gani, ajue maji yakijaa nani ataleta nini.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni zito. Mteja hana deni na mtu. Ametoa pesa yake, akapewa samaki anayenuka, kwa nini asiseme? Aseme. Tumbo likichafuka halijui habari ya barabara, na afya ya walaji haiwezi kutolewa sadaka kwa ajili ya kumpa mtu nafasi ya kukua. Ninachokipinga ni hatua ya pili, pale lalamiko la sahani moja linapogeuka kuwa neno la mwisho juu ya hoteli nzima, na kisha juu ya mji mzima. Utafiti wa H. G. Parsa na wenzake uliochapishwa 2005, waliofuatilia hoteli za Columbus, Ohio, kati ya 1996 na 1999, uliikanusha imani kwamba hoteli tisa kati ya kumi hufa mwaka wa kwanza: waliona takriban asilimia 26 tu zikifunga mwaka huo, ingawa kufikia mwaka wa tatu zilikuwa zimefika karibu asilimia 60. Columbus si Garsen, na umeme wao haukatiki kama wetu. Lakini takwimu hizo zinafunza kwamba kuanguka ni safari ya miaka, na aliyekata tamaa kwa maneno ya mwezi wa kwanza ameondoka kabla ya mtihani wenyewe.

Kutoka Minjila barabara ya Lamu inavuka Tana pale Idsowe, inapita Gamba na kuelekea Witu. Lami ya barabara hii ilisubiriwa miaka mingi, na ilipofika watu wa delta walitarajia wageni wataanza kusimama. Wengi hupita tu. Baada ya mashambulizi ya 2014 ya Mpeketoni na Gamba, magari ya abiria yalizoea kwenda kwa msafara wenye ulinzi, na gari lililo kwenye msafara halisimami mtu ale kaa. Kisha kuna maji. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya El Niño yaliikata barabara hii eneo la Gamba na Lango la Simba, malori yakapanga foleni, abiria wakavushwa kwa boti. Hoteli iliyofunguliwa majira kama hayo ingehesabiwa kuwa imekosa wateja kwa ubaya wa chakula chake. Ningependa yeyote anayefanya hesabu za biashara ndogo katika kaunti hii aandike tarehe za mafuriko pembeni mwa daftari la mauzo, kisha alisome tena daftari lote.

Njia ya Kipini inachepuka kuelekea baharini, na hapa ndipo kiini cha jambo lenyewe kinapoonekana. Ghuba ya Ungwana ni miongoni mwa maeneo makuu ya kamba nchini Kenya, na kamba hao wanategemea matope na maji matamu ambayo Tana inayamwaga. Meli za kukokota nyavu zilikuwa zikigombana na wavuvi wadogo hapa kwa miaka mingi, hadi serikali ikazisimamisha mwaka 2006, kisha baadaye zikarudishwa kwa masharti. Mtu angedhani hoteli iliyoko ufuoni kama huu haiwezi kukosa samaki. Inakosa, na sababu yake ni tajiri. Mvuvi asiye na nyavu wala injini anakopeshwa na tajiri, na kwa mkopo huo mavuno yake yana mwenyewe hata kabla ya kuvuliwa. Kamba wakubwa na kaa wazuri huingia kwenye makasha ya barafu ya tajiri na kwenda Malindi, Mombasa na Nairobi. Hoteli ya Kipini au ya Kau, iliyo karibu na maji kuliko zote, inabaki kununua kilichokataliwa. Simlaumu tajiri moja kwa moja, kwa kuwa ndiye anayemkopesha mvuvi pale ambapo benki haifiki. Lakini mwenye hoteli anayelaumiwa kwa kaa mwembamba anastahili kusikilizwa anaposema kwamba kaa wanono hakuwaona.

Na kaa ana siri zake. Kaa wa matope wa mikoko ya Kipini hutolewa shimoni maji yakitoka, kwa fimbo yenye ndoano, kisha hufungwa magando kwa kamba na kulazwa kivulini chini ya gunia lililoloweshwa. Hapo anaweza kuishi siku kadhaa bila barafu yoyote. Tatizo ni kwamba kaa aliyejivua gamba karibuni anafanana kwa ukubwa na aliyenona, ilhali ndani ana maji tu. Mnunuzi anayejua humgeuza na kumbonyeza tumboni kwa kidole gumba, karibu na mizizi ya miguu: gamba likibonyea, amwache arudi mikokoni, likiwa gumu kama jiwe, amnunue. Ujuzi huu upo kwa wavuvi wa Kipini, wala hauhitaji semina. Unahitaji tu mwenye hoteli aende mwenyewe ufuoni badala ya kuagiza kwa simu.

Kutoka Kipini kwenda Kau unapanda mto kwa boti, mikoko ikipungua kadiri maji ya chumvi yanavyopungua. Mto huu, Ozi, zamani haukuungana na Tana. Mfereji wa Belezoni uliochimbwa karne ya 19 ndio uliouunganisha nao, na hatimaye Tana yenyewe ikaifuata njia hiyo hadi Kipini. Enzi hizo Kau ilikuwa soko. Mpunga, nafaka na pembe za ndovu kutoka juu ya mto zilikutana hapa na wafanyabiashara wa Kiswahili, na mwaka 1889 ushuru wa mizigo inayopita Belezoni ulizua mzozo kati ya Sultani Fumo Bakari wa Witu na kampuni ya Waingereza. Kwa hiyo Kau inajua tangu zamani maana ya mali kupita mbele ya mlango. Leo mji umebaki kijiji kidogo, na mto umebadilika: mabwawa ya Seven Forks huko juu, likiwemo Masinga la 1981, yameubana mtiririko wake, na maji ya chumvi yanapanda na kuharibu mashamba ya mpunga upande wa Ozi. Lakini mchanganyiko huohuo wa chumvi na tamu unaipa Kau kitu ambacho Dabaso haina. Upande wa chini kuna kaa, kamba na mkizi. Upande wa juu, kwenye mto na maziwa kama Shakababo, kuna kambale na tilapia. Majira yakiuharibu upande mmoja, mara nyingi mwingine unatoa.

Wapo watakaosema hapana wa kuwala. Wafugaji wengi wa delta walikua bila samaki mezani, na Garsen ni mji wa nyama ya mbuzi. Ni kweli kwa kiasi, lakini mazoea ya mezani hubadilika watu wanapoishi pamoja, na watoto wa Kiorma waliosoma bweni na wenzao wa Kipokomo hawana shaka ya kambale kama babu zao. Tena samaki hahitaji kuchinjwa, jambo linalompunguzia mteja Mwislamu wasiwasi katika hoteli ngeni. Pingamizi la bei lina nguvu zaidi: bei ya kaa mmoja inaweza kumnunulia mtu sahani kadhaa za wali na maharagwe. Ndiyo maana hoteli ya Kau isianze na kaa mzima. Ianze na wali wa nazi kwa mchuzi wa kambale, na kaa mmoja agawanywe kwenye sambusa nyingi, kama Dabaso walivyofanya.

Nikiwa na neno kwa anayetaka kujaribu, ni hili: asichapishe orodha ya vyakula. Aandike kwa chaki kila asubuhi boti zikishafika, na siku ambayo hakuna kitu afunge, kwani mlango uliofungwa hauna harufu. Kwa miezi ya mwanzo auze vinavyokaa hai, kaa kwenye gunia bichi na kambale kwenye pipa la maji, na samaki wa kupaka amweke kando hadi barafu iwe na uhakika. Naye mvuvi amlipe taslimu siku hiyohiyo, hata kama ni kilo mbili tu, ili polepole awepo mtu mmoja ufuoni ambaye mavuno yake hayajauzwa kabla. Hayo yako ndani ya uwezo wake. Barafu haiko. Mtambo mdogo wa barafu Kipini, wenye umeme wa jua na bei inayojulikana, ni kazi ya Kaunti ya Tana River, na ungemsaidia mama karanga na mvuvi kabla hata haujamfikia mwenye hoteli. Kila mwaka unaopita bila mtambo huo, wateja wa Garsen wataendelea kuwalaumu wapishi ambao kosa lao ni kuishi kilomita nyingi kutoka kwenye friza.