Shore, Jirani Yetu wa Uani

Sisi tufanyao kazi za zamu ya usiku humfahamu ndege huyu kwa sauti kabla ya kumfahamu kwa sura. Mji wa Arusha ukiwa bado na giza, magari ya abiria hayajaanza kupiga honi, na baridi ya Mlima Meru ikitulazimisha kujifunga kanga juu ya sweta, yeye huwa ameshaamka katika mijakaranda na ameanza kuita. Ni sauti fupi, tamu, iliyojaa, nayo hurudiwarudiwa bila kuchoka. Waingereza husema wanamsikia akiita, "Daktari, haraka! Daktari, haraka!" Kwa wauguzi waliokesha wodini maneno hayo si mageni, ingawa sisi tungependa zaidi atuambie twende tukalale.

Jina lake ni shore, na wengine humwita shorewanda. Msomaji mpendwa, huenda umeishi naye miaka ishirini bila kumtazama mara mbili, kwa sababu hana mavazi ya kujivunia. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo, tumbo jeupe lisilo safi sana, na kichwa cheusi chenye manyoya yaliyosimama kidogo utosini kama ya mtoto aliyetoka kuamka. Urefu wake haufiki urefu wa rula ya mtoto wa shule, ile ya sentimeta thelathini. Ni kama sentimeta kumi na nane au ishirini hivi. Lakini mwangalie anapogeuka na kuinua mkia: chini yake kuna rangi ya manjano iliyoiva kama embe. Kwa alama hiyo hutamkosea kamwe. Mume na mke hufanana kabisa, nao hutembea wawili wawili. Ukimwona mmoja juu ya waya wa umeme, subiri kidogo, mwenzake hayuko mbali.

Tumewahi kumsikia karibu na Mnara wa Saa, tukamsikia katika miti ya kando ya mto Themi, na tukipanda kuelekea Ilboru, ambako migomba na kahawa huanza, huko ndiko kwake hasa. Ndege wengi huchagua: huyu wa msituni, yule wa nyikani, mwingine wa ziwani. Shore hachagui sana. Anachotaka ni kichaka cha kulala, tunda la kula na maji ya kuoga, na mama yeyote mwenye bustani nyuma ya nyumba ameshampa vyote vitatu bila kujua.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Nenda Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, ukae na kina mama wanaouza matunda, utasikia habari zake. Papai linapoanza tu kupata mstari wa njano, shore ndiye wa kwanza kujua. Hulitoboa, akala kidogo, akaenda zake, na papai lile halina bei tena sokoni. Nyanya hali kadhalika, na mapera. Kwa mama anayetegemea fedha hizo kununulia madaftari, si jambo la kuchekesha. Wenzetu wengine huchuma papai mapema likiwa na dalili ya kwanza ya njano, wakaliacha liive ndani. Wengine hulifunga kwa gunia kuukuu likiwa bado mtini. Njia zote mbili zinafaa. Na hapa tuseme neno kama wauguzi: tunda lililotobolewa na ndege au popo msimkatie mtoto sehemu nzima iliyobaki. Wapeni kuku.

Hata hivyo tumsikilize na mshitakiwa. Matunda anayoyameza pamoja na mbegu hayaishii tumboni mwake. Huruka nayo, akatua juu ya ua au tawi, na mbegu ikaanguka pamoja na kinyesi chake, tayari imewekewa mbolea. Mpera ulioota pembeni mwa choo bila kupandwa na mtu, mringaringa mchanga uliojitokeza katikati ya kahawa, mara nyingi ni kazi ya ndege kama yeye. Ni kweli kwamba husambaza pia lantana, ule mmea wenye maua ya rangi rangi unaovamia malisho, na kwa hilo hatuwezi kumtetea. Lakini huyo huyo anapolea makinda huwa mwindaji wa wadudu kutwa nzima, kwa kuwa mtoto wake, kama wetu, hajengi mwili kwa matunda matupu.

Malezi yake yametufurahisha kuliko mambo mengine yote. Mvua zinapoanza, wadudu wakawa wengi, jike hutafuta panda ya tawi ndani ya kichaka chenye majani mengi. Hujenga kiota kidogo kama kikombe, kwa vijiti vyembamba, mizizi na majani makavu; ukikitazama kutoka chini unaona mwanga ukipenya, ukadhani hakitahimili upepo. Kinahimili. Hutaga mayai mawili au matatu, meupe yanayoelekea wekundu, yenye madoa ya kahawia. Jike ndiye hasa anayeatamia, siku kumi na mbili hadi kumi na nne, na makinda wakishatoka baba na mama hulisha kwa zamu. Baada ya wiki mbili hivi watoto hutoka kiotani wakiwa bado hawajui kuruka sawasawa, na wazazi huendelea kuwafuata na kuwalisha vichakani. Siku hizo chache ndizo za hatari kubwa. Kinda unayemkuta chini akiwa na manyoya tayari hajatupwa; mwache, au mpandishe kwenye kichaka cha karibu mbali na paka, na wazazi wake watakuja.

Adui ni wengi. Yuko paka, yuko nyoka, yuko nguchiro. Yuko pia ndege mmoja mweusi na mweupe mwenye kishungi, wa jamii ya kekeo, ambaye hajui kujenga wala kuatamia. Yeye hutega shore akiwa hayupo, akataga yai lake kiotani mwake na kuondoka, na shore hulea mtoto asiye wake hadi anapokuwa mkubwa kuliko mlezi.

Lakini adui tunayemwogopa zaidi ana miaka tisa na anaishi nyumbani kwetu. Manati ni mchezo wa zamani wa wavulana, na kaka zetu waliucheza. Jiwe likimpata shore wakati wa mvua, haliui ndege mmoja tu, maana kiotani kuna vinywa vitatu vinavyongoja. Na jiwe likimkosa huenda mahali pengine. Tumepokea watoto walioletwa wakiwa wameshikwa mkono, kitambaa juu ya jicho, kwa sababu ya jiwe la manati lililorushwa na rafiki yao. Jicho lililopasuka si kidonda cha goti. Mama asiyejali ndege na ajali hilo.

Kuna sababu nyingine ya kumtaka shore uani, nayo wanaoishi Sokon na Moshono wataielewa mara moja. Akiona nyoka, huwa hanyamazi. Wimbo ule mtamu hugeuka makelele makali, ya kukatakata, na shore wengine huja, na ndege wa aina nyingine pia, wote wakizunguka kichaka kimoja na kumpigia kelele aliyemo. Huenda ni paka tu, au bundi aliyechelewa kulala. Huenda ni swila. Ukisikia hivyo, waite watoto waingie ndani, wala usiende kuchokoa kwa fimbo. Na mtu akiumwa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mtulize, kiungo kisichezeshwe, abebwe hospitali upesi.

Kinachopungua sasa si shore bali ua. Viwanja vinagawanywa, na mahali palipokuwa na ua wa miti na maua panajengwa ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu. Hatuwalaumu wanaoogopa wezi. Tunasema tu kwamba ndani ya ukuta huo kichaka kimoja, mpera mmoja na sahani ya maji vinatosha.

Anayetaka kuona jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya kuta aende Duluti, lile ziwa dogo la volkano karibu na Tengeru, atembee njia inayolizunguka chini ya miti mikubwa. Au, akiwa na nafasi zaidi, aende Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 na kuongezewa Mlima Meru mwaka 1967. Huko, katika barabara ya kupanda mlimani, upo mti maarufu wa jamii ya mkuyu uliofanya tao ambalo watu hupita chini yake. Miti ya namna hiyo huanza maisha juu ya mti mwingine, kwa mbegu ndogo iliyoachwa katika panda ya tawi na mla matunda, awe shore, hondohondo au tumbili. Mizizi hushuka polepole hadi chini, na mti wa kwanza hufa. Lile tao lilianza na kinyesi.

Kwa miguu utaongozana na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Ukipanda kuelekea Miriakamba, mita 2,500 hivi, sauti ya shore wa nyumbani huachwa nyuma, na badala yake utamwona nduguye wa mlimani: utosi mweusi, kifua cha kijivu, mgongo wa kijani kama zeituni, bila manjano ile ya mkiani. Yeye hukaa katika msitu wenye ukungu na hashuki kula mapapai ya mtu. Papaini hatumwoni, uani hatumwoni, na msitu ukikatwa hana bustani ya kuhamia.