Unga Kwenye Madaftari

Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, wanafunzi wangu walipuliza madaftari. Unga wa manjano, laini kuliko sembe, ulikuwa umedondoka usiku kutoka kwenye kenchi. Darasa letu, huku nyanda za juu za Iringa, lilikuwa la mianzi na udongo, na wadudu walikuwa wakilila taratibu juu ya vichwa vyetu.

Mimi ndiye niliyesema kikaoni tulibomoe. Nilikuwa mwalimu kijana, katibu wa kamati ya ujenzi, neno "maendeleo" halinitoki mdomoni. Mzee mmoja, msukaji wa matenga ya nyanya, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mwanzi hauna kosa. Mlikata masika." Watu wakacheka. Nikaandika kwenye muhtasari kwamba hoja imepita.

Mzee alikuwa sahihi. Mwanzi wa kujengea hukatwa ukiwa umekomaa, miaka mitatu na zaidi, tena kiangazi, wanga wake ukiwa umepungua. Wanga huo ndio wadudu wanaoufuata. Sisi tulikata michanga, mvua ikinyesha, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa njiani. Nguzo tukazichimbia ardhini moja kwa moja, mchwa wakashukuru. Msingi wa mawe hakuna, dawa hakuna. Na tusifichane: chipukizi nene za msimu uliotangulia zilikuwa zimeshagemwa ulanzi, pombe ya mianzi, na chipukizi ikishakatwa kichwa hairefuki tena. Kijiji kilizinywa kenchi zake.

Ajabu ni kwamba mkoani humohumo, miaka ya 1970, mianzi iliyotobolewa vifundo na kukazwa kwa waya ilikuwa mabomba, ikapeleka maji vijijini. Nimekinga ndoo kwenye maji hayo kwa mikono yangu, na bado nikaona mwanzi ni umaskini.

Mwaka juzi nilimsindikiza mke wangu kwenda kutibiwa India. Tulishukia Bengaluru, kwenye jengo la pili la abiria la uwanja wa ndege, lililozinduliwa 2022. Nikainua macho, nikasimama. Dari yote mianzi! Fito kwa fito, zimepishana, mwanga wa jua ukichujika katikati na kuchora mistari sakafuni. Imetiwa dawa, imeshindiliwa, haishiki moto kirahisi. Watu wanapiga picha.

"Unatazama nini, Baba Tumaini?"

"Tenga," nikamjibu.

Darasa la matofali tulilojenga badala ya lile la mianzi lipo hadi leo, imara. Matofali yake yalichomwa kwa miti ya kilima kilicho nyuma ya shule, na kilima sasa ni kipara. Mvua ikipiga bati, mwalimu hunyamaza, huandika ubaoni tu, akisubiri ipite.

Yule mzee alishafariki. Kichaka chake cha mianzi kingali pale karibu na vyoo vya shule. Masika haya nimepita, nikakuta mbeta ya kukingia ulanzi imening'inia kwenye kila chipukizi.