Mbu Wasioguswa na Dawa

Kundi linganishi katika jaribio la biolojia hupewa kila kitu kinachopewa kundi la majaribio, isipokuwa kile kimoja kinachochunguzwa. Katika kupima usugu wa mbu dhidi ya dawa za vyandarua, kazi aliyoifanya mwandishi wa kumbukumbu hizi akiwa fundi sanifu wa maabara wilayani Muheza, Tanga, kile kimoja ni dawa iliyo kwenye karatasi.

Utaratibu ni wa Shirika la Afya Duniani. Mbu majike wapatao 25, wa umri wa siku 3 hadi 5 na ambao hawajanyonya damu, huingizwa katika mrija wa plastiki uliozungushiwa karatasi kwa ndani. Mirija minne huwa na karatasi ya dawa, miwili ni ya kundi linganishi, yaani kontroli. Karatasi ya kontroli si tupu, kama wengi wanaokuja mafunzoni wanavyodhani: hupakwa mafuta yaleyale yanayobeba dawa, maana bila hivyo mafuta yenyewe yangeshukiwa. Baada ya saa moja mbu huhamishiwa mrija safi, huwekewa pamba yenye maji ya sukari, na huhesabiwa baada ya saa 24.

Katika yote hayo mbu anaweza kufa bila dawa. Fundi humvuta kwa kifyonzo cha mdomo. Akivuta kwa pupa, mbu hujigonga kwenye bomba, mguu ukakatika. Hewa ya chumba ikikauka, hunyauka. Mkono uliokwisha kushika karatasi ya dawa nao unaua, ndiyo maana mbu wa kontroli huhamishwa kwanza. Kwa kweli maiti za kontroli humpima fundi kuliko zinavyompima mbu.

Vifo vya kontroli visipofika asilimia 5, hupuuzwa. Kati ya 5 na 20, hutumika kanuni ya kusahihisha aliyoichapisha mwanasayansi Abbott mwaka 1925. Tuseme mbu 91 kati ya 100 wamekufa kwa dawa, na 7 kati ya 50 wamekufa kwenye kontroli, yaani asilimia 14. Ondoa 14 katika 91, gawanya kwa 86, yaani 100 kutoa 14: asilimia 89.5. Chini ya 90 mbu huhesabiwa sugu, kwa hiyo maiti saba zimebadili jibu zima.

Vifo vya kontroli vikizidi asilimia 20, jaribio lote hutupwa, hata mirija ya dawa iwe imetoa matokeo ya kupendeza, na fundi hurudi kungoja viluwiluwi vingine vikue.