Usifunike Kelele kwa Kelele



Wiki hii tumekuwa tukitayarisha gari la kanisa kwa safari ya misheni. Mnaolipanda mnajua: likiingia barabara ya changarawe, mama aliye kiti cha nyuma hasikii anayeomba kiti cha mbele. Kijana mmoja akaniambia, "Pasta, tuongeze spika mbili. Sifa zikipanda hatutasikia hiyo kelele." Fundi wetu, ambaye pia ni shemasi, akakataa. "Pasta, kwanza tujue ni nini kinalia."

Akatuonyesha kelele za aina tatu.

Ya kwanza ni ya vitu vilivyolegea. Jeki na spana zilizotupwa chini ya viti, bolti za viti, kioo cha dirisha kinachotikisika. Hapo hakuna gharama kubwa. Alikaza bolti, akaifunga jeki kwa kamba, akazizungushia spana kitambaa. Mpendwa, si kila kelele ni shetani. Spana haikemewi, inafungwa!

Ya pili ni kelele inayoingia. Injini ya gari letu iko chini ya viti vya mbele, na mpira wa kifuniko chake ukiisha, mngurumo wote unawapandia abiria. Sauti ni kama maji, hupita penye upenyo mdogo. Ukitandika zulia zito sakafuni huku mpira wa mlango umepasuka, umefanya kazi nusu. Ziba kwanza, kisha tandika.

Ya tatu ni kelele inayoonya. Pedi nyingi za breki huwekwa kipande cha chuma makusudi, kilie zinapokaribia kwisha. Gurudumu likinguruma, na mngurumo ukazidi kadiri mwendo unavyozidi, angalia beringi. Na bomba la moshi likivuma kuliko kawaida, huenda limetoboka. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu wakidhani wanasinzia tu.

Letu lilikuwa limetoboka, chini ya mahali wanapokaa watoto wa Shule ya Jumapili. Sasa fikiria zile spika mbili.

Soma 1 Samweli 15. Sauli alirudi kutoka vitani na Waamaleki akimpokea nabii kwa baraka, akisema ametimiza agizo la Bwana. Maneno yalikuwa matamu. Lakini Samweli alisikia kondoo na ng'ombe wakilia nyuma ya maneno hayo, akauliza ni kelele gani hiyo. Sauli akajibu kwamba mifugo ile ni ya dhabihu. Yaani alitaka ibada ifunike uasi. Haikufunika.

Na sisi je? Kuna nyumba ambayo televisheni haizimwi, kwa sababu ikizimwa mume na mke watalazimika kuzungumza. Kuna ndugu anayeongeza kesha juu ya kesha, na deni la jirani bado hajalipa. Kuna dada anayeimba kwa nguvu madhabahuni, na mamake hajapigiwa simu tangu mwaka jana. Sifa ni njema, kesha ni jema. Lakini Mungu hakutupa sifa ziwe spika za kuzima onyo lake.

Leo jioni zima simu dakika kumi. Uliza: ni nini kinalia maishani mwangu? Kama kimelegea, kikaze. Kama kinaingia kutoka nje, ziba upenyo. Kama ni onyo, usiendelee na safari kabla hujatengeneza.

Baba, katika jina la Yesu, tupe masikio ya kusikia na ujasiri wa kutengeneza kile tulichosikia. Walinde watoto wetu njiani. Amina.

Kama neno hili limekugusa, andika AMINA, kisha umpigie yule unayejua unapaswa kumpigia.