Moyo Uliolemewa



Mwezi huu twapenda kunena nanyi habari ya jambo lisilosemwa sana katika mikutano yetu, walakini limo katika nyumba nyingi. Ni habari ya mtu mzima ambaye moyo wake umejaa hata kufurika: huzuni isiyokoma, au hofu isiyo na sababu ionekanayo, au ghadhabu iwakayo kwa jambo dogo. Mtoto akilia, twamchukua mikononi. Mtu mzima akilia, twamwambia ajikaze. Na asipolia kabisa, twamsifu.

Tulimjua ndugu mmoja, fundi seremala, mtu wa bidii na mpenda ibada. Mkewe alifariki katika kujifungua, akaacha mtoto mchanga na wengine watatu. Siku ya maziko yule ndugu hakutoa chozi, na watu wakasema, "Tazameni imani yake!" Miezi mitatu ikapita. Randa na msumeno vikashika kutu. Usiku hakulala, na mchana aliwapiga watoto kwa kosa la kumwaga maji. Ndipo maneno yakaanza mtaani. Wengine walisema ana pepo, wengine imani yake imepoa, wengine ni uvivu tu. Kila mtu alikuwa na jina la kumpa, wala hakutokea aliyemwuliza kama amekula.

Yafaa hapa tumkumbuke nabii Eliya, ambaye habari zake zimo katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Alikuwa ametoka kushinda kushinda kukuu, kisha akamkimbia Yezebeli, akaketi chini ya mti jangwani, akaomba afe. Mungu hakumkemea kwa neno hilo. Alimwacha alale usingizi, akamletea mkate na maji kwa mkono wa malaika. Akalala tena, akala tena. Baada ya hayo ndipo alipoulizwa shauri lake, akaachwa aseme yote yaliyomo moyoni, hata akayasema mara mbili. Mwisho akapewa kazi ya kufanya, na Elisha wa kumfuata. Tazameni utaratibu huo: mwili kwanza, kisha kusikilizwa, kisha kazi na mwenzi. Mungu aliyemwumba mtu mwili na roho hakumponya nusu.

Basi tuliifuata njia iyo hiyo. Siku ya kwanza tulimpelekea uji, tukangoja hata akaunywa. Siku ya pili tulikwenda naye zahanati, maana yako maradhi ya mwili yajifanyayo huzuni: malaria, upungufu wa damu, na ugonjwa wa tezi ya shingo. Mganga alimwona ana safura, akampa dawa. Akamfundisha pia habari ya pumzi. Mtu aliyeshikwa na hofu, moyo wake hupiga mbio kwa kuwa mwili wajiweka tayari kupigana au kukimbia, kana kwamba simba yu mlangoni. Akivuta pumzi polepole, na kuitoa polepole zaidi, mwili hupata kujua kwamba simba hayupo.

Kisha tuliketi naye barazani pake. Rafiki zake Ayubu walifanya vema kwa siku saba walizokaa naye kimya; makosa yao yalianza walipofumbua vinywa. Basi nasi tulinyamaza. Siku ya tatu ya kuketi hivyo alianza kusema habari za mkewe, na jinsi alivyokawia kupata gari la kumpeleka hospitali usiku ule. Hatukumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Tulisikiliza tu.

Alipokwisha, tulimwuliza waziwazi, "Ndugu, je, wawaza kujiondolea uhai?" Walimu wengine huogopa kuuliza hivyo, wakidhani watalipanda wazo ambalo halikuwamo. Sivyo. Swali hilo halipandi kitu. Humfungulia mlango aliyefungiwa ndani peke yake. Yule ndugu alitutazama kitambo, akajibu, "Ndiyo, mwalimu. Si mara moja." Tulimshukuru kwa kutuambia. Tukamwambia pia kwamba siri hii hatuwezi kukaa nayo sisi wawili, na mbele yake tukamwita nduguye. Usiku ule nduguye alilala naye chumba kimoja, akaviondoa nyumbani vitu vya hatari. Asubuhi tulimpeleka hospitali. Daktari alimpa dawa, akamweleza kwamba dawa za namna hiyo hukawia majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi, na kwamba asiziache kwa shauri lake mwenyewe.

Hata hivyo tuliona kwamba dawa haingelipa madeni. Huzuni yake ilikuwa na miguu miwili nyumbani: deni la maziko, na kilio cha yule mchanga. Tulikwenda naye kwa mwenye kumdai, wakapatana kulipa kidogo kidogo. Bibi mzaa mama akamchukua mchanga, na akina mama wa kanisa wakapeana zamu ya kupika. Na habari ya kuwapiga watoto tulimwambia bila kuficha: huzuni si ruhusa. Wale watoto walikaa kwa shangazi yao mwezi mzima, hata baba yao alipoweza kuketi nao kwa upole.

Mtauliza, na sala je? Sala ilikuwapo tangu siku ya uji, walakini ilikuwa fupi. Hatukumwambia aombe zaidi ndipo apone, kana kwamba Mungu amemwekea bei. Tulimwonyesha kwamba Zaburi nyingi ni vilio vya watu waliomlalamikia Mungu wao, naye hakuwafukuza. Siku moja, tulipokuwa tukisali, alilia kwa sauti kubwa, hata majirani wakasikia. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na kilio kile kilikuwa mwanzo wa kupona kwake.

Wala msidhani ya kwamba mambo haya ni mapya. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, Wamisioni Wajerumani walikuwa na kituo cha watoto waliokombolewa utumwani, kilichoanza mwaka 1896. Baadaye kikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ingalipo hata leo. Tangu zamani kazi za mikono, kama kilimo, zimekuwa sehemu ya uponyaji wao.

Na huko Harare, katika nchi ya Zimbabwe, daktari wa maradhi ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kumi na wanne kusikiliza watu wenye kulemewa. Huketi na mtu juu ya benchi la mbao karibu na zahanati. Nalo laitwa Benchi la Urafiki. Ugonjwa wenyewe Washona huuita kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Bibi hamfanyii mtu maamuzi. Humsaidia kuchagua shida moja kati ya nyingi, na kutafuta njia ya kuikabili hiyo kwanza. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu 573 katika zahanati 24: baada ya miezi sita, walioketi na akina bibi walikuwa na dalili za huzuni nzito chache sana kuliko wale waliopata huduma ya kawaida tu. Bibi zetu wapo katika kila mtaa wa Kikristo. Mabenchi nayo yapo.

Basi ndugu walimu, akija kwenu mtu aliyelemewa, msianze na hotuba. Mpeni maji, mwulizeni habari ya chakula na usingizi, kisha nyamazeni mpate kusikia. Asifungwe minyororo, wala asipigwe ili pepo watoke. Akinena habari ya kufa, asiachwe peke yake hata saa moja, na njia ya hospitali isikawizwe. Siri zake zisigeuzwe mfano wa mahubiri. Nasi twajua wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo sababu twapaswa kuuinua kwa mikono yetu wenyewe, tupate kuujua uzito wake.

Yule fundi angali ana siku zake mbaya, hasa mwezi ule aliofiwa unaporudi. Siku hizo humwita nduguye mapema, bila kungoja usiku uingie. Watoto wake wote wanne wako nyumbani, na randa yake haina kutu.

Bwana awatie nguvu ninyi nyote mlio na mizigo, na ninyi mnaoketi nao.