Mgeni Kwao

Shangazi yangu alizaliwa Mugoma, akaolewa Muyinga, upande wa Burundi. Siku zile hatukumwita mgeni. Kihangaza chetu na Kirundi cha wakwe zake vinasikilizana. Akitokea na mkungu wake wa ndizi kichwani, tulijua tu dada yake Baba kaja.

Kisha vita. Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo, wilayani kwetu Ngara, kwa muda wa kama siku moja. Tarehe 31 Machi 1995 serikali ikafunga mpaka na Burundi. Wilaya ilikuwa imeelemewa, sikatai. Lakini mwaka huohuo Bibi alifariki, na bintiye, aliyekuwa ng'ambo tu ya vilima, hakumzika. Baba alichelewesha maziko hadi jioni. Kila mbwa alipobweka, alisimama.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na siku hizi mpakani Kabanga kuna kituo cha pamoja cha nchi zote mbili. Juzi nilikwenda hapo kumpokea Shangazi. Macho yake yamechoka, basi fomu nikamjazia mie. Uraia: Mrundi. Sababu ya safari?

"Andika nakwenda kwa mama."

Nikaandika "matembezi". Afisa akagonga mhuri bila maswali; hana kosa. Tulipopanda gari Shangazi akaniuliza, "Umeandika nilivyokwambia?"

Nikamjibu ndiyo. Ndugu msomaji, mie najiita mwandishi, na siku ile nilimwandika mtu kuwa mgeni kwao.